Matenga Yaliyokataa Kujikunja

Matenga yalipoacha kujikunja, watu wa kituo cha Kibaha walisingizia baridi. Baridi gani Kibaha, na nyie mnapajua? Lakini mtu akikosa sababu huokota iliyo karibu. Asubuhi ile mvuke ulikuwa umejaa banda la kuoshea kama kawaida, maji ya uvuguvugu yakitiririka mferejini, na ndani ya mvuke huo matenga yalikaa safu kwa safu, midomo juu, yanapumua. Ukisimama mlangoni uliyasikia yakivuta na kuachia, yakivuta na kuachia, taratibu, mpaka na wewe ukajikuta unapumua nayo na macho yanakuwa mazito.

Mwajabu Shekighenda, mlezi wa matenga, alipita katikati ya safu akiyagusa moja moja begani.

"Jikunjeni basi, wanangu," alisema. "Safari imeiva."

Hayakujikunja. Lililoguswa lilijongea kidogo, kama mtu anayempisha mwenzake kwenye mkeka, kisha likatulia vilevile, mdomo wazi.

Hapo ndipo palipokuwa na balaa. Tenga likishaoshwa, ukiligonga begani linalala bapa, na lori moja likabeba matupu ambayo yangetaka msururu mzima wa malori kama yangebaki wazi. Huo ndio ulikuwa ujanja wote wa Shirika la Mzunguko. Tenga lilishuka na peasi za milimani Usambara, likauza peasi zake sokoni Ilala, likaoshwa Kibaha, likajikunja, likapanda tena. Mwaka baada ya mwaka, tenga lilelile. Hakuna aliyekata mti kutengeneza sanduku la safari moja. Hakuna aliyetupa kitu. Watoto wa Kibaha walilijua neno jalala kwa kusimuliwa na bibi zao tu, na wengine walidhani bibi anaongeza chumvi.

Na tenga lenyewe halikuwa la mbao wala la plastiki. Lilioteshwa. Walisuka nyuzi za katani, wakapanda uyoga mweupe, na uyoga ule ulivyotambaa kwenye nyuzi ndivyo ulivyokuwa unajifunza. Ulijua peasi inatoa jasho saa ngapi. Ulijua barabara ina kona wapi, ukakaza ubavu kabla gari halijayumba. Tenga lililozeeka kazini lilifikisha peasi Ilala kama zimechumwa sasa hivi. Tenga changa liliziponda, likaona haya, likajifunza.

Simu ya Mwajabu ikalia. Alikuwa mdogo wake, Mbaruku, kutoka Mlalo, huko milimani.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Peasi zinasemaje huko?"

"Zinasema zimechoka kungoja. Dada, matenga yako wapi? Zikikaa wiki hii na ijayo, tunalisha nguruwe pori."

"Tunayashughulikia."

"Shughulikieni haraka. Mzee Hoza ameshanoa msumeno. Anasema atakata ile miti ya kwenye chemchemi, apigilie masanduku kama zama za babu yake."

"Masanduku ya safari moja, Mbaruku? Na chemchemi je?"

"Unadhani anapenda? Mtu akikosa chombo afanyeje?"

Mwajabu aliiweka simu mfukoni, akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Aliogopa. Maji ya Mlalo nzima yalitoka kwenye chemchemi ile, na yeye mwenyewe alikua akiyanywa.

Mhandisi Kaijage akamkuta palepale. Huyu alikuwa Mhaya mmoja mpole, mrefu, mwenye tabia ya kuzungumza huku ameshika kitu, na leo alikuwa ameshika kikombe cha chai iliyokwisha kupoa.

"Nimepima kila kitu," alisema. "Uyoga hauna ugonjwa. Yameshiba, yana maji, yanakusikia vizuri ukiyagonga. Yanakataa tu."

"Yanakataa nini?"

"Ningejua, dada yangu, ningekuwa nimelala." Akanywa ile chai, akakunja uso. "Wakubwa wanataka tuyapitishe kwenye chokaa."

Chokaa lilikuwa birika kubwa nyuma ya banda, lenye maji ya moto yaliyochanganywa na chokaa, na tenga lililopita mle lilitoka zima lakini halijui kitu. Lingejikunja likiambiwa, lingefunguka likiambiwa. Peasi lisingeijua. Njia ya Mlalo lisingeijua.

"Yataanza upya," Kaijage alisema. "Msimu huu na unaofuata peasi zitapondeka, sikufichi. Lakini yatapanda."

"Na wewe unakubali?"

"Mimi ndiye niliyeyaotesha yale ya mwanzo kabisa, kwa mikono hii. Unaniuliza kama napenda?"

Alimwamini. Lakini uamuzi haukuwa wa mhandisi, wala wa wakubwa. Birika la chokaa halikufunguka ila kwa kiganja cha mlezi. Sheria ya Mzunguko ilitaka hivyo tangu mwanzo, kwamba anayekifuta kitu hai kumbukumbu awe ni yuleyule aliyekilea. Ukiwa mbali na matenga, sheria hiyo ilionekana nzuri sana.

"Nipe mpaka alasiri," Mwajabu alisema.

*

Sitawadanganya kwamba alifanya jambo la maana. Alikaa. Wenzake walikwenda kula, banda likabaki na maji na mvuke na zile pumzi, naye akaegemea tenga kuukuu lililokuwa karibu, akasema nifumbe macho kidogo tu.

Akawa ndani ya pumzi moja ndefu. Ilianzia sokoni, ikapanda barabara, ikapita Korogwe, ikapanda mlima ikizungukazunguka, ikafika kwenye miti ya peasi, ikageuka, ikashuka. Ilimbeba naye akabebeka. Kila ilipofika juu kulikuwa na mikono inangoja, na kila ilipofika chini kulikuwa na mikono inangoja, na yeye akawa anapita kati ya mikono hiyo hana uzito wowote, na hilo lilimsikitisha sana ndotoni, kutokuwa na uzito, mpaka akataka kulia.

Kilichomwamsha ni sauti ndogo ya mkeka unaokunjwa.

Mtandio wake ulikuwa umemteleza kichwani ukaangukia ndani ya lile tenga kuukuu. Na tenga lilikuwa limejikunja. Limelala bapa, safi, na ncha ya mtandio inachungulia pembeni.

Mwajabu aliuvuta mtandio. Tenga likafunguka, likangoja. Akaurudisha. Likajikunja. Akauvuta tena, akaurudisha tena, na mara ya tatu akaanza kucheka peke yake kama mwehu, maana sasa alijua, na alishangaa alikaaje siku zote asijue.

Pale Ilala kina mama wa sokoni walikuwa hawarudishi tenga tupu. Hakuna aliyewaagiza. Mtu amekuletea peasi zake kwenye chombo chake, utakirudishaje kinapiga upepo? Kwao tenga halikuwa tofauti na bakuli la jirani. Basi kabla ya kuliachia walitia kitu: chumvi kiganja kimoja, kipande cha sabuni, dagaa waliofungwa kwenye jani, na waoshaji wa Kibaha walikiweka kando, kisha wakakirudisha kabla ya kuligonga begani. Bi Siwema, ambaye alikuwa hana dogo, aliwahi kutia doti nzima ya kanga, na mpaka leo yupo mtu Mlalo anayeivaa kwenye harusi. Wa milimani walipokea, wakajua wa chini wanawakumbuka. Na matenga, katikati, yakajifunza kwamba kile kiuzito kidogo tumboni ndiyo ruhusa ya kurudi nyumbani.

Mwaka huu Mzunguko wakapiga marufuku. Dagaa wa mtu mmoja walivunda njiani, harufu ikaingia kwenye shehena ya pichesi, ikaharibika yote. Tangazo likabandikwa kila lango la soko: tenga lirudi tupu. Kina mama walinung'unika, wakatii. Matenga yaliendelea kwa miezi kadhaa kwa mazoea tu, huku yakizidi kusitasita, mpaka siku ile yakagoma kabisa. Yalikuwa hayajagoma, kusema kweli. Yalikuwa yanangoja yapewe.

*

"Kokoto," alisema Kaijage.

Alikuwa amejaribu kwa mtandio, kwa kikombe chake, kwa kiatu. Tenga lilijikunja kila mara. Alifurahi mpaka akasahau kushika kitu.

"Mawe?" Mwajabu aliuliza.

"Kuna lundo zima pale nje, la mafundi. Kokoto moja moja kila tenga. Haivundi, haina harufu, na tangazo liliwekwa kwa sababu ya uvundo. Dada, hakuna haja ya chokaa! Hayatapoteza hata chembe ya yanachokijua."

"Yakifika juu na kokoto tumboni?"

"Uzito ni uzito. Hayajui tofauti."

Ilikuwa hoja nzuri, na Mwajabu aliitafuta kasoro yake asiione. Peasi zilikuwa mtini. Msumeno ulikuwa umenolewa. Basi akabeba ndoo ya kokoto, akapita safu kwa safu akitia moja moja, na matenga yakashusha pumzi na kujikunja, hili na hili na lile, banda lote likalala chini taratibu kama shamba la mpunga linapopita upepo. Wafanyakazi wakashangilia. Yeye aliona aibu. Aliona aibu waziwazi, kama mtu anayemnyamazisha mtoto mchanga kwa ziwa lililokauka, na hakumwambia mtu yeyote, kwa sababu malori yalikuwa yanapakia na kila mtu anampongeza.

*

Mbaruku alipiga simu kesho yake mchana. Hakuamkia.

"Dada, mmetutumia mawe."

"Mbaruku, ngoja nikueleze..."

"Mimi unaweza kunieleza. Hawa wanawake wa huku nani atawaeleza? Wameondoka shambani wote. Peasi ziko juu ya miti na hakuna anayechuma. Mke wangu ndiyo kabisa, kaniambia nikitaka kuwachumia watu wanaotupa mawe, nipande mwenyewe."

Mwajabu alipanda alfajiri iliyofuata. Kutoka Mombo mizigo mingine ilikwenda mlimani kwa waya, ndani ya vibanda vya kioo vilivyoning'inia, na msimamizi alimruhusu kukaa kwenye kimojawapo kati ya magunia ya mbolea. Kibanda kiliingia mawinguni. Kwa muda mrefu hapakuwa na chini wala juu, weupe tu, na sauti ya waya ikiimba pole pole. Alijaribu kupanga maneno. Kila alilolipanga lilianza na "hayajui tofauti," na kila mara akaliacha.

Shamba la mdogo wake lilikuwa ndani ya ukungu. Matenga yaliyopanda yalikuwa yamepangwa kati ya miti, yamefunguliwa, yanapumua, na midomo yake iko tayari. Peasi zilining'inia juu yake njano na nzito. Moja ilianguka nyasini, pu, ikapasuka, na hapakuwa na mtu wa kuiokota.

Mwantumu, mke wa Mbaruku, alikuwa amekaa kizingitini anachambua majani ya maboga.

"Karibu, wifi," alisema bila kuinuka. "Umekuja na mawe mengine, au leo tunapigwa kwa mkono?"

"Wifi, nisamehe."

"Kaa kwanza. Msamaha haupokelewi mtu amesimama."

Mwajabu akakaa. Mwantumu alichambua jani moja, la pili, kisha akaweka ungo chini.

"Miezi yote hii matenga yanakuja matupu," alisema. "Tukasema labda huko chini kuna msiba hatukuambiwa. Labda Bi Siwema kafa. Jana matenga yakaja, tukanyanyua, mazito! Wanawake wa ubavu huu wote walikuja mbio. Mama Hoza na ule mguu wake mbovu alikuja. Yeye ndiye wa kwanza kutia mkono, tulimwachia kwa heshima. Akatoa kokoto. Akatia kwenye la pili, kokoto. Akaendelea, wifi. Alitia mkono kila tenga lililokuwa pale, akidhani labda lililofuata. Halafu akatuuliza, tumewakosea nini?"

Mwajabu alifunika uso.

"Mtu akikurudishia chombo na jiwe ndani, huyo amekukata," Mwantumu alisema. "Huko mjini mmesahau hilo?"

"Hatukuwa tunawaambia nyinyi. Ilikuwa ni kuyadanganya matenga tu."

"Na yalidanganyika?"

"Ndiyo. Hayajui tofauti."

Mwantumu aliyatazama yale matenga kwenye ukungu, yalivyokaa yanangoja kazi.

"Hayajui," alisema, "au yanakuamini?"

Jibu Mwajabu alikuwa nalo. Alikuwa nalo tangu alipobeba ndoo. Peasi nyingine ikaanguka, na nyingine.

Simu ikalia. Kaijage.

"Dada, habari zimewafikia wakubwa kwamba wa juu hawachumi. Wamesema basi, chokaa, leo, kwa yote yaliyobaki Kibaha. Nimewaeleza habari za kina mama, wanasema hawaendeshi shirika kwa vizawadi. Rudi uweke kiganja."

"Na nisiporudi?"

"Watateua mlezi mwingine. Kuna kuidhinishwa, kuapishwa, itawachukua siku kadhaa. Lakini watamteua, dada. Wewe watakuondoa."

Mwajabu aliangalia kiganja chake. Maisha yake yote ya utu uzima yalikuwa ndani ya lile banda. Alijua tenga lipi hupumua kwa kukoroma na lipi haliwezi kukaa karibu na lipi. Hakujua angeamka asubuhi aende wapi.

"Mhandisi, lori lipi linaleta chumvi Mlalo?"

"Chumvi? Sijui. La wafanyabiashara."

"Linapanda na chumvi na nazi na sabuni, linashuka tupu. Letu linashuka na peasi, linapanda na matupu. Kila siku yanapishana barabarani, kila moja limebeba upepo upande mmoja. Tumekuwa tukishangilia jinsi tunavyoukunja huo upepo vizuri." Alishangaa sauti yake ilivyotulia. "Siku hizo kadhaa ulizozitaja, yapeleke matenga Ilala yakiwa wazi. Mwambie Bi Siwema wajaze. Bidhaa za watu wa huku zipande humo, na wao watie na chao wakipenda. Tenga lililojaa halina haja ya kujikunja."

"Marufuku bado ipo."

"Kwangu haipo."

"Na kitu kikivunda?"

"Tutaosha, Kaijage. Si ndiyo kazi yetu?"

Alimsikia akipumua upande wa pili. "Wakija na mlezi mpya na chokaa kabla watu hawajaona faida ya mpango huu, nitashindwa kuwazuia."

"Najua. Lakini kiganja changu kiko huku, na hakishuki kwa kazi hiyo."

Akakata simu. Kisha akalia, si sana, kwa sababu hata hivyo hakuwa na hakika ya kitu. Pengine matenga yangefutwa tu, wiki ijayo, na mkono wa mtu asiyeyajua hata majina. Pengine lori lisingefika. Alilolijua ni moja: asingeyadanganya tena.

Mwantumu alikuwa amesikia yote, na hakujisumbua kujifanya hakusikia.

"Wifi, kazi umeiacha?"

"Nadhani imeniacha yenyewe."

"Pole." Mwantumu akainuka, akajifunga kanga kiunoni, akaita kwa sauti kuelekea mteremkoni, na huko kwenye ukungu sauti ya mwanamke ikaitikia, na ya mwingine mbali zaidi. Akaichukua ngazi iliyoegemea ukuta. Mwajabu akanyanyuka amsaidie.

"Wewe acha," Mwantumu alisema. "Utatuvunjia matawi, unajulikana. Peasi tutachuma sisi. Wewe nenda kwa Mama Hoza. Tangu jana hajatoka ndani. Mwambie kwa mdomo wako kwamba hakumkosea mtu."

Nyumba ya Mama Hoza ilikuwa juu kidogo, mwisho wa njia iliyolowa umande. Mwajabu alipanda akisikia nyuma yake peasi za kwanza zikiwekwa matengani, taratibu, moja juu ya nyingine. Mlango ulikuwa umefungwa. Alivua viatu, akasimama.

"Hodi, mama."

Kisha, ndani, mguu mzito ukaburuzwa sakafuni.

"Nani?"

"Mwajabu. Binti Shekighenda, wa kituo cha matenga." Alisogea karibu na mlango. "Nimekuja mikono mitupu, mama. Sina nilichokuletea."

Komeo likavutwa. Mama Hoza alimtazama usoni, akamtazama mikononi, akamtazama tena usoni. Macho yake yalikuwa yamevimba.

"Pita hivyohivyo, mwanangu," alisema, akampisha mlangoni.